Sindano Niliyokukataza

Wafula mwanangu,

Usishtuke kuona nimekuandikia barua na hali kati yetu ni ukuta mmoja tu. Wewe uko sebuleni na watu wa kanisa waliokuja kukuombea safari ya Uarabuni. Mimi niko huku stoo, nimekalia gunia la chakula cha ng'ombe kando ya mtungi wangu wa mbegu za mafahali. Nilipotoka nilisema naenda kuongeza naitrojeni. Ni uongo, mtungi umejaa. Nilitoka kwa sababu akina mama walipomaliza kukuombea wewe walimgeukia mke wako, wakamwekea mikono kichwani, na mama yako akapaza sauti: "Bwana, fungua hili tumbo." Lilian alikuwa amepiga magoti kwenye simiti, kichwa chini. Na wewe ukasema "Amina" pamoja na wengine.

Amina yangu ilikataa kutoka. Nimeona afadhali nije nishike kalamu, kwa sababu nikikutazama usoni nitaanza kuzungumza habari za basi na uzito wa mizigo, kama nilivyofanya wiki nzima. Mambo ya kuficha pasipoti na kutolala karibu na feni mama yako ameshakuambia, na kesho atayarudia mpaka gari liwake. Mimi nina jambo moja tu, na nimelificha miaka mingi.

Nianze na wiki iliyopita, ulipotoka kupimwa afya ya safari. Ulikunja mkono wa shati pale mezani ukatuonyesha bega.

"Wamenidunga hapa, Mathe. Bila hii hakuna visa."

"Ni ya nini?"

"Measles, mumps, na ingine sijui inaitwaje. Zote ziko kwa sindano moja."

Mama yako aliweka mwiko chini. "Na haitakuzuia kuzaa? Si ni baba yako alisema hizo sindano za vijana zinaua uzao?"

Ukacheka. "Hiyo ilikuwa kitambo. Ama aje, Budah?"

Nikasema ugali unapoa. Lilian alikuwa akimimina mchuzi, na niliona mkono wake umesimama kidogo, halafu ukaendelea. Nilikula chakula hicho bila kusikia ladha yake.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, matubwitubwi, hiyo mumps, yalipoingia shuleni kwenu? Yalianzia bweni la pili, lako bado. Mwalimu mkuu akatuita wazazi, akatueleza kwamba chanjo ya ugonjwa huo haimo katika zile za bure mlizopewa mkiwa wachanga, lakini kuna kliniki inayo, na mzazi anayetaka ampeleke kijana wake kabla hajaambukizwa. Mama yako alisimama papo hapo akasema wewe utachanjwa. Mimi nikamvuta gauni akaketi.

Nikuambie nilichokuwa nacho kichwani siku ile. Kule Kapseret, kwenye kituo cha maziwa, wanaume walikuwa wamezungumza wiki nzima kwamba sindano zinazoletewa wavulana waliobaleghe zina jambo. Kwa nini wavulana? Kwa nini wakati huu? Mmoja akasema wanataka kuwahasi watoto wetu pole pole bila kisu. Tukatikisa vichwa kama wazee wa baraza. Nami nilikuwa mtu wa kwanza kutikisa. Ulikuwa umetoka kutahiriwa Agosti ya mwaka uliotangulia, nilikuwa nimechinja fahali, nilikuwa nimejaa kiburi cha kuwa na mwana mwanaume. Nikamwambia mama yako njiani tukirudi, "Uzao wa nyumba yangu hauchezewi na mtu mwenye koti jeupe."

Na unajua kazi yangu ni nini. Mimi, Wafula, ambaye nimechanja ndama wa nusu ya Kapseret. Mimi ambaye nikifika boma la mtu akaniambia, "Daktari, hiyo sindano haitafanya ng'ombe wangu ikose kuzaa?" hucheka nikamweleza kwamba kinachomfanya ng'ombe akose kuzaa ni ugonjwa, si kinga. Nilikuwa na elimu ya ng'ombe ya kutosha. Ilipofika kwa mtoto wangu nikaiacha getini pamoja na viatu vyangu vya gambuti.

Ulikuja likizo mashavu yamejaa, huwezi kutafuna. Nilikaribia kufurahi, Mungu anisamehe. Nilimwambia mama yako, "Unaona? Ni matubwitubwi tu, hata sisi tuliugua." Nikakubeba kwa pikipiki mpaka nyumbani kwa bibi yako, akafanya kama tulivyofanyiwa sisi. Nakuona hadi leo: kijana mrefu kuliko bibi yake, kitambaa kimefungwa kidevuni mpaka utosini, mzigo wa kuni kichwani, unazunguka mti wa murembe huku watoto wa jirani wakikupigia makofi. Ukatupa kuni pale shinani ukakimbia bila kugeuka nyuma, ili ugonjwa ubaki kwenye mti. Ulikuwa na hasira ya aibu. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Halafu usiku mmoja, tumesharudi nyumbani Langas, ukaniita nje kando ya choo. Ulikuwa umeinama, unatembea miguu imeachana, joto la mwili wako nililisikia kabla sijakugusa.

"Baba, huku chini kumefura. Ilianza kushoto. Sasa ni zote."

Nilikumulika kwa tochi. Niliona. Nilijua ninachokiona, kwa sababu nilifundishwa darasani kwamba fahali akipatwa na homa kali, mbegu zake haziguswi mpaka miezi ipite na apimwe upya. Nilisimama pale na tochi yangu, na unajua nilikuambia nini. Nilikuambia, "Wewe umeshapitia kisu cha tohara, hulii. Na usimwambie mama yako."

Kwetu mtoto akishatahiriwa, mama yake haoni tena uchi wake wala haulizi. Hiyo ni heshima, na sijaja kuitukana. Lakini niliitumia kama mlango wa kujificha. Mama yako angejua, angekukimbiza hospitali usiku ule ule, na daktari angeuliza kwa nini hukuchanjwa, naye angenigeukia. Kwa hiyo nikakununulia dawa za maumivu, nikakuambia ulale na kitambaa kibichi, na mama yako nikamwambia una malaria. Alikupikia uji wa malaria. Uliumwa karibu wiki nzima ukiuma shuka. Nilikuwa nikikusikia kutoka chumbani kwangu, na niliogopa sana, na sikuinuka.

Ulipona, ukarudi shule, hatukulitaja tena. Najua hujasahau. Mwanaume hasahau maumivu ya aina ile.

Kuna jambo lingine ambalo hulijui. Chanjo ya corona ilipoletwa, maneno yalirudi yale yale. Vijana wa boda boda pale steji walikuwa wakisema ukichomwa hiyo, nguvu za kiume kwisha. Wengine waliniuliza mimi, kwa sababu ni daktari wa ng'ombe. Safari hii sikutikisa kichwa. Nilikunja mkono nikawa wa kwanza kwenye foleni, na si kwa ujasiri, ni kwa majuto. Nilipochomwa nikabaki pale kwenye kiti cha plastiki, nikamuuliza nesi kama kweli hii kitu inaharibu mbegu.

Akasema, "Mzee, haijaonekana kuharibu. Homa ya ugonjwa wenyewe ndiyo inaweza kushusha mbegu kwa muda, halafu kwa kawaida zinarudi."

"Na mumps?"

"Nani ameugua mumps?"

"Kijana wa rafiki yangu. Akiwa amebaleghe. Ilishuka huku, pande zote mbili."

Aliacha kuandika. Alinieleza taratibu, kama mtu anayejua rafiki huyo ni nani. Kwamba mtoto mdogo akiugua mara nyingi ni mashavu tu. Kijana mkubwa, ugonjwa unaweza kushuka kwenye korodani. Wengi huvimba upande mmoja, na wengi wao huzaa bila shida. Wengine mbegu hupungua. Wachache sana hukosa kabisa, na hatari huongezeka kama zilivimba zote mbili. Akasema nguvu za kitandani hazikuambii lolote, mtu anaweza kuwa simba na mbegu zikawa hazitoshi. Njia ya kujua ni kupimwa tu, na hata zikiwa chache madaktari wana njia za kusaidia.

"Mwambie rafiki yako ampeleke kijana," akasema. "Ile chanjo ingeweza kumkinga."

Nikamshukuru nikapanda pikipiki. Mwaka uliofuata wewe ukamleta Lilian nyumbani. Nilisimama kwenye harusi yako pale kanisani Pioneer nikiwa nimevaa suti, nikatoa hotuba, nikasema nangoja wajukuu wa kunivuta ndevu. Watu walicheka. Nilikuwa ninajua yale niliyoambiwa na nesi, na nikasema hivyo hivyo. Kama kuna siku moja ningeweza kuirudia, Wafula, si ile ya mwalimu mkuu. Ile nilikuwa mjinga. Ya harusi sikuwa mjinga.

Tangu hapo nimeona jinsi nyumba inavyoweza kumbana mtu bila kelele. Mwaka wa kwanza mama yako alikuwa akimtania tu. Mwaka wa pili akaanza kumletea majani ya kuchemsha. Mwaka huu ameanza kumwambia mbele ya wageni, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Kama kuna kitu ulifanya usichana, sema tukusaidie." Mama yako si mtu mbaya, unamjua. Anatamani mjukuu kwa njaa ya kweli, na kwa akili yake wewe ulikuwa mtoto mzima ambaye hakuwahi kuugua ila matubwitubwi ya mashavu na malaria. Nani alimfundisha hivyo? Kila anapomchoma Lilian, anatumia sindano niliyomnolea mimi.

Nikupe kisa kimoja, na tafadhali usimwambie Lilian kwamba nimemtaja karibu na ng'ombe. Kuna mama mmoja Kapseret, jina lake Jepkosgei, ana ng'ombe mmoja mweusi anayempenda kama mtoto. Nilimpandisha kwa mbegu ya mtungini, akarudia joto, mimba haikushika. Nikampandisha tena, akarudia. Mara ya tatu mama akasema, "Daktari, huyu ni tasa. Nimeita mtu wa kuchinja." Nilikuwa nimeshainua mguu niende, halafu kitu kikaniambia angalia mtungi. Kumbe kifuniko kilikuwa kimelegea, naitrojeni imepungua, mbegu zote zilikuwa zimekufa kitambo. Nilikuwa nikimbebea ng'ombe maiti. Nilirudi nikamwambia mama wazi: kosa si la ng'ombe, ni la mbegu niliyoleta. Alinitukana Kikalenjin na Kiswahili, nikaleta mbegu nzuri. Ng'ombe ana ndama sasa. Wakulima wengine walisikia na hawakuniacha. Basi nimejiuliza mara nyingi, ni kwa nini niliweza kusema maneno hayo nimesimama kwenye matope ya watu, na mezani kwangu mwenyewe siwezi.

Nimetafuta njia ya tatu, sijaiona. Nikimwambia mama yako, namvua mwanangu nguo mbele ya mamake, na wewe ni mtu mzima mwenye mke. Nikinyamaza, mtoto wa watu anabeba lisilo lake. Nimewahi kufikiria nikuambie tukiwa wawili, nikaogopa utanichukia. Nimefikiria niandike barua uisome ukiwa umefika huko Uarabuni, nikaona huo ni uoga mwingine, kukutupia moto halafu bahari iwe katikati. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hujaondoka.

Maana Lilian amepimwa.

Aliniambia yeye mwenyewe, mwezi uliopita. Nilikuwa nimetoka kazini, akachukua gambuti zangu akaziosha pale bombani, na bila kugeuka akasema, "Baba, naomba nikuambie kitu, na nisamehe kwa sababu si heshima." Nami nikageukia upande wa pili, nikitazama nguo kwenye kamba, ili aweze kusema. Mkaza mwana hamwambii baba mkwe mambo ya mwili wake. Fikiria amebanwa kiasi gani mpaka akaja kwangu.

"Nimepimwa hospitali mbili tofauti. Sina shida. Waliniambia nije na bwana yangu. Nilimuuliza Wafula mara moja tu kama angekubali kupimwa, akakataa kuongea na mimi mpaka wiki ikaisha."

"Umemwambia mama?"

"Hapana, Baba. Nikimwambia mimi ni mzima, ataona moja kwa moja shida ni ya nani. Watu watamcheka bwana yangu. Wacha wanicheke mimi."

"Na Wafula mwenyewe, anajua umepimwa?"

"Sitaki asafiri na hicho kitu kwa kichwa. Kazi ya huko ni ngumu. Mama akisema nirudi kwetu nitarudi, lakini nilitaka mtu mmoja kwa hii nyumba ajue."

Akaziweka gambuti juani akaingia jikoni. Nilibaki pale nikitazama kamba ya nguo, nikalia, mimi mzee mzima. Hakujua amemchagua mtu gani. Alidhani ananiletea siri mpya.

Kwa hiyo mwanangu, alipokuuliza na wewe ukanuna wiki nzima, nadhani ulikuwa kando ya kile choo, na tochi yangu ikikumulika, ukisikia sauti yangu ikikuambia usilie na usiseme. Wewe huna kosa. Ulifanya nilivyokufundisha. Lakini sasa nakuomba uache kunitii. Huenda upo sawa kabisa. Huenda mbegu ni chache tu, na kuna dawa au njia. Huenda hazipo, na hapo nitakuwa nimekuibia kitu ambacho siwezi kukurudishia hata nikiuza kila nilicho nacho. Lolote liwalo, lijulikane ni lako na langu. Lisiwe la Lilian.

Na kupimwa si aibu unayoifikiria. Mimi nimeshika mbegu za mafahali maisha yangu yote, zile za bei na zile za bure, na chini ya hadubini sijaona hata moja yenye kiburi. Ukifika Nairobi kesho una siku nzima kabla ya ndege. Nitakupeleka mwenyewe ukitaka, nikae nje kwenye benchi.

Lakini Nairobi haitoshi, na hapa ndipo nimekwama kabisa. Mama yako ameamua. Jana aliniita kando akasema ukishaondoka, Lilian "akapumzike kwao kidogo" mpaka urudi. Wewe unajua na mimi najua kupumzika huko ni nini. Miaka miwili ya kupumzika, halafu urudi ukute umetafutiwa msichana mwingine. Mama yako anadhani anakusaidia. Ameshapiga simu kwa wazazi wa Lilian. Na Lilian amekubali, kwa sababu yako.

Wewe hujui, maana umeshughulika na karatasi na simu za ajenti. Chini ya kitanda chenu, nyuma ya begi lako jipya, kuna la pili. Ni la Lilian, mama yako aliniambia, limefungwa tangu Jumapili. Ile gari ya Probox ikikupeleka kwenye basi asubuhi, itarudi hapa Langas kumchukua yeye, na mama yako amenichagua mimi nimsindikize mpaka Kimilili nikamkabidhi kwa babake. Mimi, kati ya watu wote. Nitamtazama mzee mwenzangu nimwambie binti yako amenishinda?

Nawasikia wanaanza wimbo wa kufunga maombi. Sasa nitakuja mlangoni nikuite kana kwamba nataka unisaidie kuinua mtungi. Kaa hapa kwenye gunia uisome hii yote. Ukitaka kunipiga, nipige, nimestahili. Ukimaliza, tutarudi sebuleni pamoja kabla wageni hawajavaa viatu, maana walioona Lilian akipigishwa magoti ndio wanaopaswa kusikia. Utasema unachoweza, hata ukishindwa sitakulaumu.

Nitaanza mimi.

Baba yako